Ukuta wa Nasimiyu

Mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa kunyesha, kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe chini ya shamba la Khaemba kilikauka kabisa. Majirani wa pale nje ya Kitale walishuka kukitazama, wakatikisa vichwa, wakarudi makwao. Khaemba naye alishuka, lakini hakurudi. Mkewe, Nasimiyu, alipomfuata saa ya chakula, alimkuta amechuchumaa katikati ya tope kavu, akifuata nyufa kwa kidole kama mtu anayetafuta njia ya kwenda mbali.

"Baba Nafula, umepoteza nini?"

"Sijapoteza."

"Sasa unatafuta nini?"

Khaemba alifikiri kidogo. "Angalia. Hakuna ufa unaisha hivi hivi tu. Kila mmoja unaenda mpaka unagonga mwingine."

Nasimiyu aliangalia. Aliona tope kavu, na ng'ombe wamesimama ukingoni na kiu yao. "Ugali unapoa," akasema, akatangulia kupanda.

Macho ya Khaemba yalikuwa hivyo tangu utoto. Alizaliwa karibu na Bungoma, mahali ambapo reli imekata kilima na kuacha ukuta wa udongo mwekundu wenye mistari, tabaka juu ya tabaka. Wenzake waliposimama pale kungoja gari moshi lipite, yeye alikuwa amelipa mgongo, anatazama ukuta. Baba yake alipopata shamba Kitale wakahamia huko, na Khaemba alipokuwa mtu mzima akapata kazi katika kiwanda kidogo cha kupasua mbao.

Kazi yake ilikuwa kupokea mbao zinapotoka kwenye msumeno. Aliipenda kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza duniani kuona ndani ya kila mti. Gogo liliingia likiwa limefungika, likatoka limefunguka, na ndani yake mlikuwa na kitu kama maji yaliyosimama, mawimbi yaliyotulia, yakikizunguka kila kifundo na kuendelea na safari. Vumbi la mbao lilipoelea juani saa za alasiri, naye ameushika ubao mbichi unaonukia, Khaemba alihisi kwamba ametumbukia mahali na hana haraka ya kutoka.

"Khaemba!" Mathenge, aliyeendesha msumeno, alipiga kelele. "Hiyo mbao inakusomea gazeti? Pokea ingine, bana!"

Mabanzi yaliyotupwa aliyabeba nyumbani. Kwanza aliyachora kwa mkaa. Baadaye akaanza kutumia udongo: mweusi wa kidimbwi, mweupe wa kingo za mto, na mwekundu aliouleta kutoka Bungoma ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo kila alipokwenda kuwasalimu watu wa ukoo. Aliukoroga kwa maji na uji mwembamba ili ushike. Hakuna aliyemfundisha, na hakujua kwamba kuna mahali kitu kama hicho hufundishwa. Hakuchora ng'ombe wala mlima wala mtu. Alichora mishipa ya jani la boga bila jani lenyewe, madoa ya kanga bila ndege mwenyewe, na ule mwendo wa maji usiokuwa na mto.

"Ni nini hii?" kila mtu aliuliza.

"Si kitu. Ni vile inaenda."

Siku moja Nasimiyu alikosa kuni, akayachukua mabanzi mawili akapikia maharagwe. Khaemba alifika akayaona motoni. Alivuta kigoda akakaa, akatazama jinsi mkaa unavyopasuka katika vipande vya mraba. Nasimiyu alimwangalia, akashindwa kujua acheke au alie. Alikuwa mume mzuri, hakunywa, hakupiga mtu. Lakini kuishi naye kulikuwa kama kuishi na mtu anayesikiliza redio usiyoisikia wewe.

Mwishoni mwa mwaka wa themanini na nane, Nasimiyu alikwenda hospitali ya Lugulu kujifungua. Alipata mtoto wa kiume, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa mavuno wakamwita Wekesa. Kutoka hospitalini alikwenda Misikhu kwa mama yake kupumzika, pamoja na Nafula, binti yao mkubwa. Kabla ya kuondoka alikuwa ameikandika nyumba upya, kazi ya kwanza ile ya udongo mzito. Ukuta wa mbele tu ndio uliobaki bila kupakwa mkono wa mwisho, ule mlaini wa udongo na mavi ya ng'ombe. Huo angeumalizia akirudi.

Nyumba ilikuwa kimya. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Mlima Elgon ukalala kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa, na ukuta ule ukasimama mbele ya Khaemba, mtupu, mkubwa kuliko ubao wowote aliopata kuushika. Aliuzunguka kwa siku kadhaa. Kisha akamfikiria mwanawe akiletwa nyumbani kwa mara ya kwanza, mlango wa kwanza maishani mwake. Akakoroga udongo.

Alianzia dirishani. Katika ubao, mistari hukizunguka kifundo; hapa mistari ingelizunguka dirisha. Alitia vidole ndani ya udongo uliolowa akavuta, na mistari ikaenda, ikapinda, ikaachana, ikakutana tena juu ya mlango. Jua lilipanda bila yeye kulijua. Mikono ilikuwa inajua kitu, naye aliifuata nyuma. Alipolala, mistari iliendelea kupita chini ya kope zake, nyekundu, nyeupe, nyeusi, polepole kama nywele za mtu ndani ya maji.

Jerono, jirani yao, alipita na mtungi wa maziwa akasimama. "Baba Nafula! Kwani ni wewe umezaa ama ni mama Nafula?"

"Ni yeye."

"Na sasa unakandika kama mwanamke? Wacha nikuletee uji ya mzazi!"

Huko kiwandani habari ilimtangulia. "Mwezi mwisho tunachanga," Mathenge alitangaza, "tunamnunulia Khaemba leso!"

Khaemba alicheka pamoja nao. Hakujua bado alichokuwa amefanya.

Nasimiyu alifika alasiri moja ya Desemba, mtoto mgongoni, Nafula mkononi, na kaka yake Festus nyuma amebeba mkoba. Kwenye mwanya wa ua wa michongoma alisimama ghafla. Festus nusura amgonge.

"Nani amekandika nyumba yangu?"

"Mimi," Khaemba akasema. Alikuwa amevaa shati safi.

"Mimi nimekufa?"

"Mama Nafula..."

"Nauliza, nimekufa? Ama umenifukuza na mimi sijaambiwa? Ukuta ya mbele inapakwa na mkono ingine wakati mwenye nyumba amezikwa ama ameenda kwao. Hata mtoto anajua hiyo."

Khaemba alijua hiyo. Alikuwa ameijua maisha yake yote, kama vile mtu anavyojua jina la babu yake, na katika siku zile za ukungu haikumjia kichwani hata mara moja. "Nilitaka mtoto akute nyumba imekamilika," alisema. "Ni zawadi."

"Zawadi ni kitu unapea mtu. Hii umenichukulia." Sauti yake ilipasuka. "Kila mtu amepita hii njia. Wote wamesoma hapo kwamba sina nyumba."

Akageuka. Nafula alitazama nyuma mpaka ua ukamficha. Festus alibaki kidogo, akikwaruza ardhi kwa kiatu. "Shemeji, pole sana. Hiyo ukuta ifutwe, ibaki tu vile za watu ziko. Halafu ututumie neno, tutamrudisha."

Ilikuwa jambo dogo. Khaemba alichimba udongo wa kawaida, akaukanyaga, akauchota kwa mkono na kusimama mbele ya dirisha. Alisimama hadi udongo ukakauka kiganjani na kupasuka, kila ufa ukienda kugonga mwingine. Alitaka mkewe arudi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mkono haukunyanyuka.

Krismasi ilipita, nyumba ina ukuta mzuri na haina sauti. Jumapili iliyofuata Mwaka Mpya alikwenda Misikhu. Alikaa sebuleni na Festus, akasema ukweli: hakuweza kuufuta. Mama mkwe wake, Agneta, alikuwa jikoni upande wa pili wa ukuta, kwa maana kwao mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso wala kuzungumza wao kwa wao. Lakini kusikia hakukatazwi. Na Agneta huyu ndiye aliyekuwa akiitwa Misikhu nzima mtu akitaka nyumba yake ipakwe vizuri.

"Wewe kuku!" sauti ilitoka jikoni, kana kwamba inazungumza na kuku tu. "Hebu niambie, ni ukuta gani hiyo inashinda mwanaume kufuta? Ni ya simiti? Ngoja, nitaenda nijionee."

Alikuja kabla ya wiki kuisha, Nasimiyu na watoto nyuma yake. Hakuingia bomani. Alisimama nje ya ua, mahali ambapo ukuta unaonekana wote, akavuta leso mbele ya uso. Khaemba alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya ghala. Katikati yao palikuwa na mtamba aliyefungwa kwenye nguzo, anacheua.

"Ng'ombe, hujambo," Agneta akasema kwa sauti kubwa. "Mwenye hii boma ako?"

"Ng'ombe," Khaemba akajibu kutoka nyuma ya ghala, "sema ako, na anaamkua wageni."

"Mwambie mavi ya ng'ombe aliweka mingi sana. Hapo kwa kona itapasuka."

"Mwambie amesikia."

"Na huko chini hakusugua na jiwe. Nani alimfundisha?"

"Hakuna mtu, ng'ombe."

"Inaonekana." Nasimiyu alimtazama mama yake. Macho ya mama yalikuwa yamefika dirishani, yakapinda pamoja na mistari, yakashuka, yakapanda hadi juu ya mlango, yakarudi. Mtamba aliacha kucheua. Hata Jerono, aliyekuwa amekuja kuona vituko, alitulia.

"Ng'ombe," Agneta akasema, sauti ikiwa imeshuka, "muulize ametumia vidole ngapi."

"Tatu, ng'ombe. Ya mkono wa kushoto."

"Mimi natumia nne." Halafu akajikohoza, sauti ikarudi palepale ilipokuwa. "Ukuta ya mbele ni ya mwanamke. Hata ipakwe na malaika. Leo msichana wangu ataipaka mwenyewe, na mimi nasimama hapa naona. Zizi na ghala ni za mwanaume. Huko apake vile anataka. Akimaliza akupake hata wewe."

Jerono alicheka mpaka akashika ua, akachomwa.

Nasimiyu alimkabidhi Jerono mtoto, akajifunga leso kiunoni. Udongo ule aliouchimba Khaemba ulikuwa bado shimoni. Aliutia maji akauchota. Alipaka kwa hasira, kuanzia chini kwenda juu, na mistari ikamezwa mmoja baada ya mwingine. Khaemba alisikia kiganja chake kikipiga ukuta, pa, pa, pa, naye akafumba macho nyuma ya ghala.

Mtu anayekandika juu ya ukuta mkavu huulowesha kwanza, la sivyo udongo mpya haushiki. Agneta alikuwa amewapigia binti zake kelele juu ya jambo hilo tangu walipokuwa na mikono midogo. Nasimiyu, katika hasira yake, hakuulowesha. Agneta alisimama nje ya ua akiona kila kitu, yeye aliyeona mavi ya ng'ombe yaliyozidi kwenye kona na chini kusikosuguliwa, na kwa hili hakufungua mdomo. Kazi ilipokwisha alisema, "Ni nyumba sasa," akaaga ng'ombe, akaenda zake.

Nasimiyu alibaki. Kwa muda walizungumza kuhusu chumvi na mtoto tu. Khaemba alilichora zizi, polepole, kila alipotoka kiwandani, na hakuugusa ukuta wa mbele wala kuutazama sana.

Mvua za Aprili zilikuja kwa upande, zikaupiga ukuta siku nyingi. Asubuhi moja kulipopambazuka safi, Nasimiyu alitoka kutafuta kuni kavu akasimama. Udongo wake ulikuwa umebanduka kwa mabaka mabaka, mengine madogo kama sarafu, mengine mapana kama sinia. Ndani ya kila baka mistari ya chini ilipita, ikaingia chini ya udongo wake, ikatokea tena kwingine, bado inalizunguka dirisha. Hakukuwa tena na pahali pa kusema huu ni mkono wa nani.

Khaemba alitoka, akaona. "Nikuletee udongo?" aliuliza haraka. "Upake wewe mwenyewe. Mimi nitachota tu."

Nasimiyu alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama Khaemba alivyokuwa akifanya. Alinyoosha mkono akataka kugusa ukingo wa baka moja, akaurudisha.

"Ni kama mti ya mapera," akasema. "Vile inatoa ngozi."

Khaemba alitazama. Katika miaka yake yote ya kutazama, mpera ule uliosimama nyuma ya jiko hakuwahi kuuona. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Wacha kwanza," Nasimiyu akasema. "Usiguse."

Aliukandika tena Desemba, kama kila mwanamke, na kila Desemba iliyofuata. Kufikia miaka ya tisini katikati, Wekesa akiwa tayari anachunga ng'ombe, ukuta ulikuwa na ngozi nyingi, mkono wa mke juu ya mkono wa mume, na kila masika ulijifungua kwa namna mpya. Wenye baiskeli za abiria walipunguza mwendo hapo. Waliouliza ni nini walijibiwa na Nasimiyu, si Khaemba: ni vile inaenda.

Jerono peke yake ndiye aliyeuliza lililo la maana, siku moja akimtazama akipaka. "Mama Nafula, wewe ni mtoto wa Agneta. Mbona hulowesha ukuta kwanza?"

Nasimiyu aliendelea kupaka.

"Huwa nasahau," akasema.