Nilimpa Kaka Risiti ya Kanga, Akaingia Nayo Mtoni

Admin, jina langu lifiche, ingawa wajukuu zangu watanijua tu kwa ukali wangu.

Marahaba, kama mmeniamkia. Maana mmezoea kuniamkia kwa simu, mkishatuma kile kichwa cha njano kinachocheka mnaona mmefika. Tangu Idi hakuna aliyekanyaga Chanzuru. Mmoja alifika Kilosa mjini, akanunua mchele, akarudi zake Morogoro akidhani sitaambiwa. Niliambiwa. Basi kwa vile hamji, nimemwomba binti wa jirani aniandikie hapa mnaposhinda, msome pamoja na watu wote. Mimi shule sikuiona. Miaka yangu wanasema imepita themanini na mitano, na kuna jambo nimelibeba tangu wakati wa Mwingereza. Limenichosha.

Baba alitoka Songea kuja huku kuwa manamba kwenye mkonge. Alipokufa nikabaki na kaka yangu mmoja, mkata mkonge, nikawa nakaa kwake na mkewe, yaani wifi yangu, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza. Kaka alijua kasia kuliko alivyojua panga. Vijana wa kambini walikuwa na chama chao cha kupiga makasia, wakishindana na kambi nyingine kwenye mto Ruaha, upande wa Kidodi. Sasa Mwingereza hakutaka watu wakusanyike ovyo. Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, alitoa kibali cha mashindano kwa sharti moja: aingie majini aliyelipa ada tu, na jina lake liwe kwenye orodha ya karani wa chama. Ukilipa unapewa cheti, kikaratasi chenye mhuri wa zambarau.

Kaka alinipa ada nimpelekee karani, maana yeye alikuwa shambani mpaka jioni. "Mdogo wangu, usipite popote," aliniambia.

Nilipita. Dukani kwa Mhindi kulikuwa kumetundikwa doti ya kanga nyekundu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nguo yangu kiraka juu ya kiraka. Sijitetei. Nilinunua. Mwenye duka akanipa risiti, akaigonga mhuri, na mhuri wenyewe wa zambarau.

Ile risiti ndiyo niliyompa kaka. Aliigeuza, akainusa wino, akacheka. "Na mimi sasa ni mtu wa chama!" Wifi akamshonea kimfuko, akamfunga mkononi juu ya kiwiko. Nyumba nzima hakuna aliyejua kusoma.

Siku ya mashindano nilivaa kanga yangu. Wifi akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema nimepewa na mchumba.

"Mchumba gani huyo asiye na macho?" Alicheka mpaka akashika tumbo.

Kule mtoni, mkubwa wa mtumbwi naye alikuwa kama sisi, kusoma hajui. Alitazama karatasi ya kaka juu chini. "Mhuri upo? Panda."

Walikuwa wanne. Kwenye kona mtumbwi wao uligonga gogo, ukapinduka. Watu walipiga kelele, mitumbwi ya kuokoa ikaingia, watatu wakatolewa, wakalazwa nyasini wanatapika maji. Karani akasimama na orodha mbele ya askari, akaanza kuita majina. Kila aliyeitwa, "Yupo!" Hata wale watatu, wenzao waliwaitikia. Orodha ikaisha. Yule karani alikuwa mtu mzuri, akauliza tena kwa sauti: "Kuna ambaye sikumwita?"

Wifi alikuwa mbali, juu ya lori la mkonge lililotuleta, tumbo lilimzuia kushuka. Mimi nilikuwa karibu na karani kama nilivyo karibu na binti huyu anayeniandikia. Nilijua kaka hakuitwa, na nilijua kwa nini. Nikajiambia ameibukia ng'ambo, atakuja na matusi yake. Nikisema, itaulizwa ada.

Nikanyamaza.

Karani akakunja karatasi. Mitumbwi ya kuokoa ikavutwa nchi kavu. Mmoja wa wale watatu alipopata nguvu ya kuuliza "Mwenzetu yuko wapi?", watu walikuwa wameshakula na kunawa.

Alipatikana siku ya tatu kwenye matete. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika. Kwenye kimfuko maandishi yalikuwa yamelambwa na maji, limebaki doa la zambarau. Karani alisema, "Hiki si cheti changu." Nani angemwamini? Wakamwita mwizi wa ada, wakamfukuza kambini, yeye na mkewe na mtoto mgongoni, wakashika njia ya Mikumi kwa miguu. Watu walizomea. Na mimi nilizomea.

Wifi hakuolewa tena, na mtoto wake hakukaa duniani. Yuko Mabwerebwere, macho yameisha, kifua hakimpi usingizi. Kila mgeni akiingia humwambia, "Huyu wifi yangu alivua kanga yake mpya akamfunika kaka yake." Halafu anamlaani karani kwa jina, na kizazi chake. Mimi nakaa pale nakunywa chai. Juzi amenishika mkono akaniambia, "Wifi, nikifa unioshe wewe. Asiniguse mwingine."

Nitamwosha kwa mikono gani? Nikimwambia, nitamnyang'anya mtu wa pekee aliyebaki naye. Nisipomwambia, nitamzika na laana aliyomtwisha asiyestahili. Ninyi mnaosoma, nipeni maneno: nimwambie angali anasikia, au nife nalo? Nifanyeje? Huruma zenu sizitaki.

Na ninyi wajukuu zangu, Jumapili mje. Msianzie kwangu. Anzieni Mabwerebwere, mwamkieni kwa kupiga magoti, si kwa simu. Mwambieni Bibi yuko njiani, ana neno, amwekee kigoda karibu na mlango.