Kuku Ndani ya Sufuria ya Uji

Nilichungulia ndani ya sufuria ya uji ya shule ya watu, nikakuta kuku anaatamia mayai.

Asubuhi ileile nilikuwa nimeiona kwenye simu yangu, imejaa uji, inafuka mvuke!

Ngoja nianze vizuri, maana bado nina hasira, na zaidi nina hasira na mimi mwenyewe.

Naitwa Hamisa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Handeni vijijini. Wakuu tuliokuwa semina moja, wa Handeni na Korogwe, tuna grupu letu la WhatsApp. Tuko saba. Kila Jumatatu picha zinamiminika, watoto na vikombe, uji unagawiwa.

"Hongera mkuu!" "Chapa kazi!"

Kwangu mvua ziligoma. Mahindi yalikaukia shambani, wazazi hawaleti hata kisado cha mahindi ya uji.

Nikajiuliza, wenzangu wanawezaje? Ina maana mzembe ni mimi peke yangu?

Nikakaza. Asiye na mahindi arudi kwao.

Munira wa darasa la saba akasimama mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Bibi anasema hata ya kula hatuna."

"Marahaba. Basi usirudi mikono mitupu."

Hakurudi. Wiki tatu! Mtihani wa taifa umebaki siku tisa, nikamfuata bibi yake.

"Yuko Hale, analea mtoto wa watu," bibi akasema. "Si wewe uliyemfukuza?"

Jamani, nilichanganyikiwa. Nikapanda basi hadi Korogwe, bodaboda hadi Mashewa, kwa Mwalimu Rehani, bingwa wa picha grupuni. Nilitaka anifundishe anavyowafanya wazazi walete mahindi, nisifukuze mtoto tena.

Nikapita jikoni kwanza. Ndipo nikamkuta huyo kuku.

"Rehani, nini hiki?"

Akainamisha kichwa. "Picha ni za mwaka juzi, dada. Tungefanyaje? Wewe ndiye uliyeanza kurusha. Tukasema, kama Hamisa anaweza na ukame ule, sisi tutaonekanaje?"

Kweli, nilianza mimi. Wageni walileta unga siku moja tu, nikarusha picha kwa kutafuta sifa.

"Na wewe umefukuza watoto wangapi?" nikamuuliza.

"Kumi na wanne."

Nikarekodi sauti palepale, nalia: "Wenzangu, kwangu hakuna uji. Nimewadanganya."

Nikaituma grupuni.

Kisha Rosina: "Hata kwangu." Matayo: "Hata kwangu." Mpaka wote saba tukakiri.

Rehani aliwarudisha wa kwake kesho yake. Mimi nikaenda Hale.

Munira alikuwa anafua, mtoto mgongoni. Nikamwomba msamaha, nikamwambia turudi.

"Nimekusamehe, mwalimu. Lakini nikiondoka, bibi atakula nini? Anakula kwa mshahara wangu."

Nikarudi peke yangu.

Siku ya mtihani namba yake ilibandikwa kwenye dawati. Hakukaa mtu.

Wakuu mnaosoma hapa, nawaambia bila kupepesa macho: semeni shida zenu kwa wenzenu mapema. Ukiona aibu wewe, atakayelipa ni mtoto wa mtu.