Madole na Sonata Iliyomgomea

Mpiga piano huyu watu walimwita Madole, na jina lilimkaa: mkono wake mmoja ulishika papai kama wengine wanavyoshika limau. Alilelewa na shangazi yake, msusi mwenye ulimi usio na breki. Piano lenyewe, la mitumba, lilikaa saluni kati ya mashine za kukaushia nywele. Wateja walipoulizwa maoni walisema apunguze sauti.

Hakupunguza. Alipofikia utu uzima alikuwa akijaza kumbi kubwa kwa vipande vya watunzi wa Ulaya waliokufa zamani, na vyote alivipiga kwa kichwa, bila karatasi. Kilichompa jina zaidi ni sonata moja, kipande kirefu cha piano chenye sehemu kadhaa, ambayo sehemu yake ya mwisho huzunguka na kuzunguka. Usipojua pa kuchepukia, unarudi ulikotoka.

Jioni moja, ukumbi umefurika, Madole akapapita hapo pa kuchepukia. Akarudi mwanzo. Akafika pale pale, akapapita tena. Jasho likamtiririka, gauni likamganda mgongoni. Vidole vilikwenda vyenyewe, akili iko hewani. Mwishowe akakata shauri: akazitwanga noti nzito za mkono wa kushoto, akabuni njia yake, akatokea mwishoni kama mwizi aliyeruka ukuta. Akainama, akingoja kuzomewa.

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Nyuma ya jukwaa shangazi alikuwa ameshavaa koti. "Leo kile kipande kimekuwa kirefu, mwanangu."

"Nilipotea, shangazi."

"Ulipotea wapi? Si ulikuwa umekaa hapo hapo muda wote!"

Kesho yake gazeti likamsifia uthubutu. Meneja wake akapiga simu kwa furaha: kila ukumbi unaitaka sonata vile vile alivyoipiga. Tatizo, Madole hakukumbuka hata noti moja ya yale aliyoyabuni. Ikabidi aombe rekodi ya redio iliyorusha onyesho lile, akae na kujifunza kosa lake mwenyewe, kipande kwa kipande, huku akijitukana.

Akalipiga kosa hilo miaka na miaka, mpaka likamtokea puani. Siku moja akaamua kuipiga sonata kama ilivyotungwa. Alipomaliza na kutoka, mlangoni akamkuta mwalimu wa muziki, mzee mwenye miwani, anamsubiri.

"Dada, samahani. Leo pale mwishoni umekosea."

Madole akaenda redioni kusema ukweli wote. Mtangazaji akacheka sana. "Wasanii wakubwa mna unyenyekevu jamani!"

Hapo akanyanyua mikono. Sonata akaitupilia mbali, akaweka mahali pake kipande kifupi, taratibu, ambacho hata mwanafunzi angekimudu. Meneja akanuna wiki nzima. Watu wakanung'unika kwamba Madole amezeeka. Yeye akawa anakipiga huku akitabasamu, vidole vimetulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akasikia alichokuwa anapiga.