Shimo Lililohamia Sebuleni

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea fizikia chuoni. Mwaka jana alikuja kwetu Kidodi na boksi dogo kama redio, akaliweka sebuleni. Nikamuuliza linanasa nini.

"Mashimo meusi, mjomba. Madogo, hata vumbi ni kubwa kuliko hayo, ila moja lina uzito wa mlima. Yapo tangu mwanzo wa vitu vyote. Huenda ndiyo ule uzito usioonekana unaoshikilia nyota."

"Sasa kaboksi haka kabebe mlima?"

"Halibebi. Shimo likifa linatema chembe, boksi linazihesabu. Yako maboksi mengi, mikoa tofauti. Hesabu za yote zikipanda kwa pamoja, tumelipata shimo."

Akarudi chuoni, hesabu akawa anaziona kwenye simu. Ulinzi akaniachia mimi. Nina mbuzi anayetafuna mpaka bati, akaanza kulinusa. Nikalizungushia mifuko ya potashi, mbolea ya miwa. Sisi wakulima wa miwa mbolea hailali nje, inalala ndani na watu, isipate unyevu.

Wiki haijaisha, huyo karudi, uso kama katoka msibani. Hesabu za boksi letu zilikuwa zimepanda na zimegoma kushuka, maboksi mengine yote yametulia. Walimu wamesema ni bovu, alirudishe Jumamosi, na utafiti wake uishie hapo.

Mimi nilishawaambia madereva wa malori ya miwa kwamba shimo limehamia kwangu, limemeza kuku sita na baiskeli. Habari ilifika Mikumi kabla ya malori.

"Bovu wapi? Shimo limekaa hapa."

"Shimo halikai, mjomba, likifa ni kufumba na kufumbua." Akaliangalia boksi. "Hii mifuko niliiacha hapa?"

Mke wangu akadakia kutoka jikoni: "Muulize mjomba wako, kajenga ngome!"

Mpwa akakaa chini, akacheka mpaka machozi. "Potashi yenyewe inatema chembe. Kidogo tu, hata ndizi inatema, haidhuru mtu. Ila boksi linahesabu kila kitu."

Tukaihamisha mifuko, mgongo wangu ukalia kama mlango wa zamani. Mchana uleule hesabu zikashuka. Akawaandikia walimu. Jioni wakajibu: boksi ni zima, lisiguswe, aendelee.

Shimo halijanaswa mpaka leo. Mpwa anapiga simu kila Jumapili. Shikamoo, marahaba, halafu haulizi afya, anauliza mbolea iko wapi. Namjibu iko chumbani, upande wangu wa kitanda.