Herufi Tatu za Katikati

Baba yangu hajawahi kuiba hata sindano ya mtu, lakini Alhamisi ile walinzi wawili walimtoa kwenye jumba la makumbusho wamemshika mikono huku na huku, kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje nikimsubiri. Nikasimama na matusi yangu tayari mdomoni, maana upole sikuzaliwa nao. Ndipo nikaona vidole vyake. Vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha, na usoni alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu mama afariki.

"Nimemaliza herufi tatu," akaniambia. "Waambie wasikiguse kibao, hakijakauka."

Mtaani kwetu wanamwita Mzee Herufi. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka, vya zahanati, vya shule, na mishale ya kuelekeza watu chooni. Nikiwa mdogo nilikuwa msaidizi wake. Tulipaka uzi chaki, mimi nashika ncha moja na yeye nyingine, anauvuta na kuuachia, na mstari mweupe unabaki ubaoni umenyooka. Kisha alihesabu herufi kwa vidole na kuanza na ile ya katikati, akienda nayo kulia na kushoto, ili neno lisije likaishiwa na ubao. Mafundi wengine walianzia kushoto, na ndiyo maana bucha la jirani yetu liliishia na herufi mbili za mwisho zimebanana kama watu wanaogombania mlango. Baba alikuwa akipita pale anatikisa kichwa kama aliyeona maiti.

Tena alikuwa na tabia moja iliyomchosha mama. Kila mwaka, mvua zikikatika, alibeba kopo dogo la rangi akazunguka mji mzima kuvihuisha vibao vyake vilivyofifia. Hakuitwa na mtu na hakudai kitu. Mama alimsema mpaka akachoka.

"Kibao kikichakaa," Baba alimjibu, "watu hawamcheki mwenye duka. Wananicheka mimi."

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia taratibu. Alianza kusahau majina ya majirani, akaja akasahau njia ya kurudi nyumbani, mwisho akanisahau mimi. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, naifanyia hapo hapo nyumbani, kwa hiyo alikuwa machoni pangu kutwa nzima. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango akiniuliza, "Dada, samahani, nyumbani kwetu ni wapi?" Mara ya kwanza nililia. Mara ya mia nilimfokea, kisha nikalia. Sitaki kujipamba: kuna siku nilitamani afe apumzike, na kuna siku nilitamani nitangulie mimi.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeniambia kwamba makumbusho wana darasa la wazee kila Alhamisi, sanaa na vitu vya kale, kwa ajili ya kuchangamsha akili. Nilicheka. Mtu anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, halafu nimpeleke akaangalie vitu vya kale? Si yeye mwenyewe ni kitu cha kale? Lakini nilimpeleka, na sababu niliyokuwa nayo ni moja tu: nilitaka saa mbili za kukaa bila kuulizwa kitu.

Mwalimu wao alikuwa binti mwenye miwani mikubwa. Kila wiki aliwatolea wazee kitu kimoja cha zamani, pasi ya mkaa, redio ya betri, kengele ya baiskeli. Wanakishika, wanakinusa, wanabishana kuhusu bei zake za enzi hizo, kisha wanachora. Bibi mmoja mstaafu wa posta alichora bahasha kila wiki, kitu chochote kikiwa mezani. Siku ya kwanza Baba alipewa brashi. Akaigeuzageuza.

"Binti," akasema, "hii brashi au mswaki?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi, ambaye sikuwa nimemsikia akitania mwaka mzima, nilitoka nje nikaenda bombani kunawa uso.

Wiki ya tatu aliomba uzi na chaki. Jioni ile nilikuwa nakunja mashuka ya watu, akaniangalia muda mrefu, kisha akaita, "Chaki!" Ndilo jina alilonipa utotoni, kwa sababu nilikuwa mweupe kwa vumbi la chaki kuanzia nywele. "Chaki, mbona umezeeka hivi?"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi kiasi kile. Kuanzia hapo, kila Alhamisi akirudi darasani alikuwa baba yangu mpaka anaposinzia. Ijumaa asubuhi nilikuwa dada tena. Sikujali. Nilifua wiki nzima nikihesabu siku kuelekea Alhamisi, kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

Ndipo wakafungua maonyesho ya maduka ya zamani kwenye ukumbi mkubwa. Katikati ya mizani na makopo walitundika kibao cha mbao: KINYOZI MAKINI. NGOJA ZAMU YAKO. Wekundu wake ulikuwa umekwisha, umebaki kama kutu. Wazee walipokuwa wakinywa chai Baba akatoka na brashi na kopo la rangi nyekundu, akavuka kamba, akaanza kazi. Walinzi walimkuta ameshaihuisha Y ya KINYOZI, halafu N na O. Herufi tatu za katikati.

Nilipokiona nilijua. Nilikuwa na miaka tisa tulipokiandika kibao kile, na uzi nilishika mimi. Baba hakuharibu mali ya mtu. Alikuwa kwenye mzunguko wake wa kila mwaka. Aliona kazi yake imefifia mbele za watu akaona aibu.

"Thamani ya kibao kile ilikuwa ni kule kufifia kwake," Mkuu wa makumbusho aliniambia ofisini kwake.

"Kwa hiyo unamlaumu mtu kwa kukifanya kipendeze?"

"Namlaumu kwa kukigusa, mama. Si chetu. Tumeazimwa."

Mwenye kibao alikuwa binti wa yule kinyozi, mama mtu mzima sasa, na alikuwa amekasirika. Tukapewa barua. Baba asikanyage tena pale.

Alhamisi tatu zikapita. Nilijaribu kuwa Mwalimu mimi mwenyewe. Nilinunua brashi ya maana, nikapaka uzi chaki, nikamshikisha ncha. Aliushika kwa adabu kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mgeni, kisha akauacha ukaanguka. Sikuitwa Chaki. Alianza kukataa chakula, akawa anaupiga mlango kwa kiganja, polepole, kutwa, akiomba afunguliwe aende kwao. Wiki ya tatu nilikaa sakafuni nyuma ya mlango ule nikaziba masikio, nikamwomba Mungu aniambie nimemkosea nini.

Nilirudi makumbusho bila haya. Nikawaambia kile ambacho hasira ilinisahaulisha siku ile: kibao ni kazi ya Baba, na ushahidi ni huo hapo, ni nani mwingine katika mji huu anayeanzia katikati?

"Huo si ushahidi," Mkuu akasema, lakini hakunifukuza. Mwalimu akamsihi wampigie simu mwenye kibao. Akapigiwa, nami nikiwa pale pale.

"Baba yangu alimpenda sana yule fundi aliyekiandika," mama yule akasema. "Kama ndiye, mimi sina neno. Aseme mwenyewe mbele yangu."

Mkuu akakubali. Baba akisema ndiyo, ataandika kwamba fundi amerekebisha kazi yake mwenyewe, na darasani atarudi. Neno moja tu.

Nilimfundisha siku mbili kama mtoto wa chekechea.

"Baba, wakikuuliza kama kibao ni chako, sema ndiyo."

"Ndiyo."

"Ni chako?"

"Ndiyo."

"Na mimi ni nyanya?"

"Ndiyo."

Nikaona tumefaulu.

Jumatatu nilimvalisha shati nililolipiga pasi mara mbili. Kibao kilikuwa kimelazwa juu ya meza kwenye kitambaa cheupe. Mama mwenye kibao akamwamkia Baba shikamoo, naye akaitikia vizuri sana, nikapata moyo.

Mkuu hakuwa na haraka. "Mzee, hiki kibao umekiandika wewe?"

Baba akainama. Akapitisha kidole hewani juu ya herufi, moja moja, bila kugusa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mkuu nikitikisa kichwa juu chini kama mjusi. Baba hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kazi.

"Hapana," akasema.

"Baba! Angalia vizuri. Iangalie hiyo Z."

"Nimeiangalia. Huyu ni fundi kweli kweli. Ona alivyozipa nafasi." Akanyoosha mgongo. "Siwezi kujitwalia kazi ya mtu."

Mwalimu akageukia ukutani. Mama mwenye kibao akaniangalia kwa huruma, nikajua anafikiri nilimfundisha mzee wangu kusema uongo. Mkuu akafunga faili taratibu. Heri angelibamiza, nipate mtu wa kumtukana. Nilipiga magoti pale pale, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nikamwambia amwache awe anakaa tu mlangoni mwa darasa, asishike hata penseli.

Akaniinua. "Nitaandika nini, mama? Amekataa mwenyewe."

Mlangoni Baba alikataa kutembea. Aligeuka akatazama kule ndani.

"Dada, yule fundi anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Akatafakari.

"Simfahamu. Yuko hai?"

"Yuko."

"Bado anafanya kazi?"

"Anaumwa."

"Maskini," akasema Baba. "Ukimwona, dada, mpe pole."

"Nitampa," nikasema.