Mawindo ya Waholanzi Siku ya Posa

Sifa njema zote ni za Mola, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri, akatufundisha adabu hata ya kuwinda.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, mwanangu alirudi kutoka masomoni Uholanzi na zawadi: nakala kubwa ya mchoro wa kale wa huko. Meza imejaa mawindo. Sungura ametundikwa kwa mguu mmoja, kwale wamelala chali, na mbwa ananusa.

"Watu hawa hawajui kuchuna?" akauliza mama yake. Lakini zawadi ya mtoto haikataliwi. Tukaitundika majlisi, chumba cha wageni, nyumbani kwetu Sib, Omani, nami nikaisahau.

Nikaikumbuka jioni walipokuja kumposa binti yetu. Binti akimtaka kijana, nasi tukimtaka. Shida ilikuwa baba yake kijana, mtu wa dini, mwepesi wa kususa. Nyumba moja aliondoka kabla ya kahawa kwa sababu redio ilikuwa ikiimba. Kwetu aliketi, akainua macho ukutani, halwa hakuigusa.

"Shekhe, nini kile?"

"Zawadi ya mwanangu," nikasema, nikiiona harusi inatafuta viatu vyake.

Akainuka, akaisogelea picha. "Huyu sungura kachinjwa?"

"Shingoni sioni jeraha."

"Basi kakamatwa na mbwa. Mbwa mwenyewe kafunzwa?"

"Tazama, ananusa tu, hajala. Kafunzwa huyo."

"Na aliyemtuma kapiga bismillahi?"

"Yakhe, Mholanzi huyo! Lakini ni watu wa Kitabu. Nnamdhania kheri."

Nyuma ya pazia mke wangu akashindwa kujizuia. "Mkishamaliza hukumu mniambie, nazi ishakunwa!"

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Akarudi kuketi, akatusimulia ujana wake Unguja, alivyokuwa akiwinda paa kwa mbwa, na mama yake akimzuia mlangoni mpaka aoge najisi ya mbwa. Halwa ikamwishia mkononi bila yeye kujua.

Isha ilipoingia akanyanyua kidole. "Hii siswali nayo mbele yangu." Nikaigeuza picha ikatazama ukuta, tukasimama safu moja.

Tulipotoa salamu akanigeukia. "Binti yako tunamwomba. Sungura baki naye mwenyewe."

Nilikuwa natafuta maneno ya kumjibu kwa heshima, lakini mke wangu alikwisha kupiga kigelegele.

Nawe unayesoma, Mola akufungulie kila la kheri unaloliogopea.