Barua Isiyokwisha Kuchapwa

Mpiga chapa alivuta sigara miaka ishirini na miwili, na alipoacha tu, usingizi nao ukaamua kubadili zamu. Usiku anakodolea dari macho. Akibahatika kupata lepe, anaota anafukuzwa na sigara yenye miguu. Mchana, saa nne haijafika, kidevu kishalalia kibodi. Muuguzi alimwambia mkewe, “Mvumilie wiki chache, mama, mwili unazoea.” Mkewe, aliyekwisha kuchoshwa na kikohozi cha sigara cha mumewe, akavumilia. Bosi hakuna aliyemwambia.

Bosi akiuliza, “Mzee yuko wapi?” dada wa mapokezi hujibu, bila kusema uongo, “Anachapa.” Siku ya tatu bosi akaenda kutazama anachapa nini. Akamkuta anauchapa usingizi, mate yanamtiririka juu ya herufi J.

Bosi akafoka: barua ya kumfukuza kazi itoke leo hii! Tatizo, ofisi nzima aliyejua kuchapa alikuwa mzee huyo peke yake.

“Basi ichape mwenyewe!”

Naye, mtu wa nidhamu, akachapa tarehe, akachapa kosa la kulala kazini, akafika “kuanzia leo,” akalala papo hapo. Kesho yake ikabidi abadili tarehe, akalala tena. Wiki mbili nzima barua haikuvuka neno “leo”.

Uzalendo ukamshinda bosi. Akashuka dukani, akarudi na sigara moja na kiberiti. “Ndugu yangu, vuta hii tu, uchangamke, umalize barua.”

Mpiga chapa aliitaka ile sigara kuliko mshahara. Akaisukuma kwa kidole. “Bosi, kazi nikiikosa nitatafuta nyingine. Kifua sina kingine.” Akalala.

Jumatatu moja akaamka kumekucha, usiku kucha hajageuza hata ubavu. Akafika kazini mwepesi, akaimaliza barua kwa dakika tano bila kosa la herufi, akaipeleka mwenyewe. Aliogopa hasa, lakini kazi ni kazi.

Bosi akashika kalamu, akasoma, akamtazama.

“Leo umelala?”

“Sijalala, bosi.”

“Na hapa umeandika umelala, tarehe ya leo?”

“Ndiyo, bosi.”

“Mimi siweki sahihi kwenye uongo. Kaa nayo. Ukilala, niletee.”

Mpiga chapa akarudi nayo mezani, akakaa kuusubiri usingizi. Haukuja.